Fundi Aliyetembea na Ufagio

Moto usioonekana, utaujuaje?

Swali hilo aliniuliza Fundi siku ya kwanza nilipoingia gereji yake pale Kitengela. Nilikuwa mwaka wa nne chuo kikuu, nikisomea uhandisi wa mitambo, na nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayeuliza. Nikamwambia hakuna moto usioonekana. Hakubishana. Alinitazama kama mtu anavyomtazama ndama anayeelekea kwenye waya wa miba, kisha akarudi kukaza nati yake.

"Umesoma wapi?"

Nikamtajia chuo.

"Na huko hawakuwaambia?"

"Hawakutuambia nini?"

"Basi sawa, Injinia."

Tangu siku hiyo aliniita Injinia, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kuwa na hakika kama jina hilo lilikuwa heshima au kicheko.

Sikuwa nimekuja kujifunza. Nilikuwa nimekuja kulinda. Ndugu yangu Maina, anayenifuata mimi dada yake kuzaliwa, alikuwa amenunua gari dogo la turbo lililotoka Japani, la buluu, lenye tundu kwenye boneti, na alitaka lishinde mengine yote katika mbio za vijana kwenye kiwanja cha ndege ndogo cha ranchi moja, kati ya Isinya na Kajiado. Baba yetu alifia kwenye barabara ya Namanga nikiwa darasa la sita, na tangu hapo Mama hawezi kusikia injini ikinguruma bila kushika kifua. Gari lilipofika nyumbani aliingia jikoni akafunga mlango. Baadaye aliniita.

"Enda na yeye kwa huyo fundi," aliniambia. "Wewe huwa unasumbua watu na maswali. Enda uulize."

Ndivyo nilivyoanza kukaa kwenye debe lililogeuzwa, katika uwanja wa mawe na vumbi jeupe la kiwanda cha simiti, nikimwangalia mzee mmoja kwa jicho la mashaka.

Alikuwa Mmaasai wa Rombo, kule mpakani, mrefu, mwenye ndewe za masikio zilizotobolewa zamani na kuvutwa mpaka zikaning'inia. Kabla ya kuinama kwenye injini alizikunja na kuzipachika juu ya masikio, kwanza la kulia, kisha la kushoto, ili zisinaswe na mkanda. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mama anavyokaza leso kabla ya kuinua mtungi. Wateja wapya walichanganyikiwa. Walitarajia mzee wa namna ile awauzie mbuzi, si awapimie nguvu ya pistoni. Kijana mmoja wa Nairobi alishuka kwenye gari lake akiwa na miwani ya jua, akamwuliza, "Mzee, fundi ako wapi?"

"Ametoka," Fundi alijibu. "Kaa hapo, atarudi."

Kijana alikaa juani karibu saa nzima. Fundi alimaliza kazi aliyokuwa nayo, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akamwendea na kumnyooshea mkono kwa salamu ya Kimaasai. "Sopa. Nimerudi sasa. Gari iko na shida gani?"

Mtu huyu aliyekuwa akiongeza nguvu za magari mpaka yakalia kama wanyama, mwenyewe hakuwahi kuendesha zaidi ya kilomita hamsini kwa saa. Pikapu yake ya kijivu ilijulikana kutoka Kitengela hadi Isinya kwa foleni ya magari iliyokuwa nyuma yake. Maina alimtania: "Fundi, jana punda wa maji amekuovateki, nimemwona."

"Huyo punda alifika?"

"Alifika."

"Na mimi nilifika. Sasa shida yako ni gani, ero, kijana wangu?"

Alikuwa na msemo wake: gari linalokimbia si kazi, kazi ni lile linalorudi. Nilimwuliza kama hivyo basi hapaswi kuacha biashara yenyewe. Alifikiri sana, kwa uzito ambao swali langu la kumchokoza halikustahili. "Hawa vijana watakimbia tu," alisema. "Nikikataa wataenda kwa mtu haogopi."

Neno hilo, kuogopa, alilitumia kama watu wengine wanavyotumia neno ujuzi. Fundi fulani alikuwa mzuri kwa sababu anaogopa. Mwingine hakufaa: "Huyo haogopi kitu, usimpe hata baiskeli." Mimi niliyekuwa nimefundishwa kwamba woga ni upungufu wa habari, niliyaona hayo kuwa maneno ya kizamani.

Na kulikuwa na ufagio.

Ulikuwa ufagio wa kawaida wa nyasi, wa mpini mrefu, nao haukuwahi kugusa sakafu. Kila alipoelekea kwenye meza ya nyuma, ile iliyokuwa chini ya bati karibu na stoo, aliutanguliza mbele yake, akiupepesa taratibu kushoto na kulia kama kipofu na fimbo. Juu ya pipa lililokuwa hatua chache kabla ya meza hiyo alikuwa na bakuli la chumvi. Wakati mwingine alichota chembe kidogo akairusha hewani, akatazama, akaridhika, akaanza kazi. Majirani walisema anafukuza mapepo. Mwenye kibanda cha nyama cha pembeni alikataa kupokea chumvi kutoka gereji ile hata siku alipoishiwa. Nilimwuliza Fundi moja kwa moja.

"Chumvi ni ya nini?"

"Ya kuonja."

"Kuonja nini?"

"Upepo."

Nilimwambia Maina tumeleta gari kwa mganga.

Kisha ikaja adhuhuri moja ya mwezi wa pili, jua kali, anga nyeupe. Maina alikuwa akikata chuma kwa mashine upande mmoja wa uwanja, cheche zikiruka. Nilitaka bisibisi iliyokuwa kwenye meza ya nyuma nikaenda kuichukua. Fundi alinipita na ufagio wake, bila haraka. Hatua tatu kabla ya meza, ncha za nyasi zilianza kujikunja. Zikageuka kahawia, kisha nyeusi, zikatoa moshi. Hapakuwa na kitu pale. Naapa niliangalia kwa macho yangu mawili: meza, bisibisi, kopo lililoanguka, hewa. Ufagio ulikuwa ukiliwa na hewa.

"Simama," Fundi alisema, kwa sauti ya chini.

Akachota chumvi gao zima akairusha. Moto ukatokea. Ulitokea wote kwa mara moja, wa njano, kimo cha mtoto wa nasari, umetanda juu ya meza nzima na kumwagika hadi chini, na ncha yake moja ilikuwa karibu kabisa na mkono wangu uliokuwa bado umenyooshwa. Kisha chumvi ikaisha na moto ukapotea machoni, lakini sasa nilijua upo, nikasikia joto lake usoni. Fundi alimwaga ndoo ya maji, kisha ya pili, kisha akapepesa ufagio tena, kila pembe, mpaka nyasi zikaacha kujikunja.

Methanoli. Ni spiriti inayolishwa magari ya mbio, nayo huwaka bila moshi na bila rangi, na kwenye jua la mchana mtu anaweza kuingia ndani yake akitembea. Niliketi kwenye debe langu. Fundi alining'inizia ule ufagio ulioungua mbele ya macho.

"Sopa, Injinia," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza nimefika.

Ningetaka kusema kwamba tangu siku hiyo nilimwamini. Sikumwamini. Nilimwogopa kidogo, na niliiogopa sana methanoli, lakini nilikuwa mtu wa namna ile ambaye akishaogopa kitu huenda kukisoma ili aache kukiogopa. Nilisoma. Ndiyo maana ubishi wetu mkubwa ulipokuja nilikuwa na karatasi mkononi.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya injini, na hewa iliyobanwa hupata moto. Ikizidi, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni hutoboka. Kwa hiyo lazima upoze. Fundi alitaka gari la Maina linywe ethanoli, pombe ya miwa, ile ile ambayo watu wa Kitengela wanaipikia kwenye majiko ya meza. Lakini ethanoli inataka ubadilishe kila kitu: pampu kubwa, nozeli kubwa, mipira isiyooza, maana gari hunywa karibu theluthi zaidi ya petroli, na asubuhi za baridi za mwezi wa saba hukataa kuwaka. Mimi nilitaka petroli ibaki, tuongeze tangi dogo la methanoli na maji ndani ya buti, na pampu ya kunyunyiza ukungu huo kwenye hewa turbo inapokaza tu. Kazi ya siku mbili. Kwenye karatasi yangu hesabu zote zilikubali.

Fundi aliisoma ile karatasi yote, kidole kikifuata mistari. Kisha akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Ethanoli ni mlinzi analala kwa boma," alisema. "Methanoli ni mlinzi unapigia simu. Siku simu haishiki?"

"Tutaweka taa ya kuonya."

"Ethanoli ikiisha, gari inasimama. Methanoli ikiisha, gari haijui. Inaendelea kukimbia. Wewe unaona taa, pistoni imeshakufa."

"Hiyo ni pistoni, Fundi. Pistoni inanunuliwa."

"Pistoni natoa tu kama mfano," alisema, akashika spana yake.

Maina alichagua methanoli kwa sababu hakuweza kungoja. Fundi alikubali kwa sharti moja: nusu methanoli, nusu maji, asizidishe hata kikombe. Alipima mwenyewe. Dumu la methanoli alilifunga shingoni kitambaa cha shuka nyekundu, mafundo matatu, na kila dumu la methanoli aliyowahi kuwa nayo lilikuwa na mafundo hayo. Nilimwuliza kwa nini asiandike tu jina kama watu wengine. "Mkono lazima ujue hata kama jicho halijui," alisema. Katika uwanja wake hakuna aliyeruhusiwa kunywa chochote kutoka kwenye chupa, hata maji, hata soda. Kulikuwa na chai ndani ya vikombe vya mabati vyekundu, basi.

Na kulikuwa na kalenda. Hii ndiyo iliyonikasirisha kuliko yote. Kila mtu aliyeshika methanoli, kabla ya kwenda nyumbani jioni, alisimamishwa mlangoni na kuambiwa asome kalenda iliyokuwa ukutani upande wa pili. Si tarehe tu. Maandishi madogo ya chini, jina la mchapishaji. Mara ya kwanza nilidhani anataka kujua kama najua kusoma.

"Fundi, mimi niko na digrii karibu."

"Soma."

"Jumanne."

"Chini yake."

Nikasoma, nikiona haya mbele ya Maina aliyekuwa akicheka mpaka akashika ukuta. Fundi hakucheka. Alisikiliza kwa makini, kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akasema, "Enda salama."

Nimebakiza chupa, ambayo kila mtu Kitengela alikuwa na maoni juu yake.

Fundi hakunywa pombe. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, mwenye beji ya bluu kwenye koti, na aliimba nyimbo za ibada huku akifungua vichwa vya injini, sauti yake ikiwa nzito na isiyofuata tuni. Lakini juu kabisa ya kabati la vifaa ilikaa chupa ya pombe kali, nyeupe kama maji, isiyofunguliwa. Kila mwanzo wa mwezi aliishusha, akakagua kizibo, akaipangusa vumbi, akairudisha. Akitoka na pikapu kwenda kazi ya mbali, chupa ilienda naye, imezungushiwa taulo ndani ya sanduku la spana.

Mtu aliiona, mtu akasema, na wazee wenzake wakamwita. Habari ilitufikia kwa njia ya Mama, anayesali kanisa hilo hilo. Walimwambia hawamshtaki kwa ulevi. Walitaka tu aitupe ili isiwe kikwazo kwa wadogo. Alikataa. Wakamwuliza basi aeleze ni ya nini. Akavua beji, akaiweka juu ya meza, akatoka. Jumapili zilizofuata alikaa kiti cha nyuma pamoja na wageni.

"Mtu anachagua chupa anaacha madhabahu," Mama alisema, "na huyo ndio mnampelekea gari."

Mimi, niliyejiona siamini porojo, niliiamini hiyo. Niliona inaeleza mambo mengi: kimya chake, mwendo wake wa pole, macho yake mekundu. Nilikuwa na ushahidi wa chupa isiyofunguliwa hata siku moja, na bado nilihitimisha kwamba ni mlevi.

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kiwanja cha ndege kilikuwa mstari mmoja wa lami iliyopauka katikati ya nyasi kavu, pundamilia wakitazama kutoka mbali, vijana na spika zao, harufu ya mpira ulioungua. Fundi alikuwa amekuja na pikapu yake tangu alfajiri, kwa hamsini. Sasa lazima niseme nilichofanya. Usiku uliotangulia nilimwambia Maina kwamba kila tone la maji ni tone lisilowaka, na kwamba Fundi anapima kwa woga, si kwa hesabu. Tulimwaga nusu ya mchanganyiko wake tukajaza methanoli tupu. Lilikuwa wazo langu. Maina alishika taa tu.

Fundi alifungua buti ili akague mipira, kama alivyofanya kila mara. Alinusa. Akatoa matone machache ndani ya kifuniko cha chupa, akaenda nayo kando, akayawasha, akarusha chumvi. Nusu kwa nusu huwaka kwa shida, hunung'unika na kuzimika. Hii iliruka njano mpaka kwenye kifundo cha mkono wake.

Aliinua macho. Hakumtazama Maina. Alinitazama mimi.

"Nani ameongeza?"

Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Toeni yote," alisema. "Hii gari haiendi hivi. Nakuja na pampu ya mkono." Akageuka kwenda kwenye pikapu.

Maina alikuwa wa tatu kwenye mstari. Walikuwa wakimwita kwa kipaza sauti. Kila fundi, kila dereva, kila mwenye pikipiki hapa kwetu ameshanyonya petroli kwa mpira angalau mara moja maishani mwake. Unatumbukiza mpira ndani ya tangi, unavuta kwa mdomo, ikifika unatema na kuinamisha. Baba alitufundisha hivyo tukiwa wadogo. Maina alichukua kipande cha mpira na kuvuta kabla sijafungua mdomo. Mpira ulikuwa mfupi, na methanoli haikuwa na safari ndefu. Ilikuja yote mara moja. Nilimwona koo lake likipanda na kushuka.

Alikohoa, akacheka. "Aah, siz, hii haina hata uchungu. Kama pombe ya harusi."

"Umemeza?"

"Kidogo. Kama mdomo moja. Mbona unaniangalia hivyo?"

Nilikuwa nimesoma, nimeshasema. Nilijua methanoli inafanya nini kwa macho. Nilikuwa nimeisoma kama habari ya watu wengine, wale wanaokunywa pombe haramu na kuamka hawaoni. Nilipiga kelele kumwita Fundi, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

Alikuja akikimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Aliangalia mpira, aliangalia midomo ya Maina, hakuuliza kitu. Akarudi kwenye sanduku la spana, na aliporudi kwetu alikuwa na ile chupa, anang'oa kizibo kwa meno.

"Kunywa."

Niliishika ile chupa kwa mikono miwili. "Fundi, unafanya nini? Amekunywa sumu unamwongezea pombe?"

"Wachilia, Injinia."

"Niambie kwanza kwa nini!"

"Nitakuambia kwa barabara. Wachilia."

"Hapana! Wewe ni..." Nilitaka kusema mlevi. Naamini alilisikia neno hilo japo halikutoka.

Tulivutana. Watu walianza kukusanyika, mmoja akiturekodi kwa simu. Maina alisimama kati yetu akitabasamu kwa mashaka, mzima kabisa, macho yake meupe, mazuri, ya baba yetu. Kisha Fundi alisema, "Tafadhali." Nikamtazama usoni. Kidevu kilikuwa kikitetemeka. Ndewe moja ilikuwa imetoka mahali pake na kuning'inia, na yeye hakuwa na habari. Sikuachilia chupa kwa sababu alinishawishi. Niliachilia kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona mtu anayeogopa kiasi kile.

Maina alikunywa, akapumzika, akanywa tena. Tukaingia kwenye pikapu, sisi watatu mbele, na pikapu ile ya hamsini ikaruka nyasi, ikapanda lami, ikaelekea Kajiado kwa mwendo ambao mlango wa upande wangu ulikuwa ukigonga kama unataka kutoka.

"Soma," Fundi alimwambia Maina.

"Nisome nini?"

"Hizo vibao. Zote. Soma kwa sauti."

Maina akasoma, ulimi ukianza kuwa mzito kwa ile pombe. Duka la dawa za mifugo. Hoteli. Shule ya msingi. Ploti inauzwa. Kanisa. Nyama choma. Kila kibao kilichokuja nilikisoma kwanza mimi, kimoyomoyo, kisha nikangoja. Kila alipochelewa nilikufa kidogo. Mahali fulani kibao cha manjano kilipita na Maina hakusema kitu.

"Hicho?" Fundi aliuliza.

"Gani?"

"Hicho tumepita. Cha manjano."

"Sijaona," Maina alisema, na ndani ya gari hakuna aliyepumua. "Nilikuwa naangalia spidi yako, Fundi. Uko mia na ishirini."

Fundi alitoa sauti ambayo sijui niiite kicheko au nini. "Soma kinachofuata," alisema.

Hospitalini, daktari kijana mwenye nywele fupi aliuliza ni kiasi gani, saa ngapi, na amepewa nini. Fundi alijibu yote kwa mpangilio, kama mtu aliyekariri. Daktari aliacha kuandika. "Nani alijua kumpa?"

"Mimi."

"Umefanya vizuri, mzee. Na umefanya vizuri zaidi kumleta."

Ndipo nilipoelezwa, nikiwa nimesimama kwenye korido na viatu vyenye vumbi. Methanoli yenyewe si mwuaji mkubwa. Ini ndilo huigeuza kuwa sumu inayokula mshipa wa macho. Lakini ini likikuta ethanoli, ndiyo pombe ya chupa ile ya Fundi, hushughulika nayo kwanza, na methanoli hungoja mlangoni mpaka itoke mwilini bila kuguswa. Hizo pombe mbili nilizozilinganisha kwenye karatasi yangu kwa joto na kwa nguvu za farasi, zilikuwa na ugomvi mwingine ambao sikuwa nimeufikiria. Walimwekea dripu na dawa. Siku mbili tulingoja, kwa sababu daktari alisema macho hayaondoki siku hiyo hiyo, huondoka kesho, hata keshokutwa, mtu akishadhani amepona. Kila nilipoamka kwenye benchi nilimkuta Fundi amesimama kando ya kitanda, ameinua vidole.

"Ngapi?"

"Tatu. Fundi, enda ulale."

"Na sasa?"

"Hiyo ni ngumi."

Maina aliona. Anaona hadi leo. Aliuza gari lile mwenyewe.

Nilimwomba Fundi msamaha siku ya tatu, kwenye lango la hospitali. Alisema gari liko kiwanjani, tukalichukue kabla ng'ombe hawajalinyea. Nikamwuliza alijulia wapi habari ya chupa. "Nilisoma mahali," alisema, akawasha pikapu, tukaondoka kwa hamsini. Mama alikwenda kwa wazee wa kanisa kuwaeleza, nao wakampelekea beji yake nyumbani. Aliipokea kwa shukrani, ila hakuivaa.

Muda si mrefu akafunga gereji akarudi Rombo. Nilimtembelea mwaka jana, nikiwa nimeshaajiriwa, nikiwa na sababu ya uongo ya kupitia Loitokitok kikazi. Nilimkuta kwenye shamba la vitunguu, ameinama juu ya pampu ya maji, ndewe zimepachikwa juu ya masikio. Amezeeka. Mlima ulioko ng'ambo ya mpaka ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka miguuni. Chini ya paa la bati mwanamume mmoja mnene, mdogo kwake kidogo, alikuwa akipukuchua mahindi kwa vidole vyepesi sana, akitazama mbele bila kutazama kitu. Nilidhani ni mfanyakazi. Nilimsalimia, akageuza kichwa kuelekea sauti yangu, akatabasamu.

Kwenye shingo ya mtungi wake wa maji kulikuwa na kitambaa cha shuka, fundo moja.

"Injinia," Fundi alisema. "Moto usioonekana, utaujuaje?"

"Kwa ufagio," nilijibu. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa miaka.

"Hapana." Alifuta mikono. "Ufagio unabeba ukishaogopa. Kama huogopi, utauwacha kwa nyumba."

Tulikunywa chai kwenye vikombe vyekundu vya mabati. Hakuniuliza kuhusu kazi. Aliuliza kama Maina bado anasoma vibao, nikasema anasoma, hata tukimwambia anyamaze. Alicheka kwa muda mrefu, mpaka yule mwanamume wa mahindi naye akacheka bila kujua sababu.

Mke wa Fundi ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani, na ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya mtu anayedhani nimeshajua. Yule kipofu wa mahindi ni ndugu yake Fundi, wa tumbo moja. Gereji yao ya kwanza walikuwa nayo wote wawili, kule Embulbul, kabla ya Kitengela. Ndugu alinyonya mpira akameza methanoli, na mwenye duka la dawa la jirani akamwambia Fundi ampe pombe kali upesi, kisha atafute gari. Baa ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wazi. Ilikuwa Jumapili, watu wakitoka kanisani, naye Fundi alikuwa na beji ya kanisa kwenye koti. Alivuka barabara, akafika hadi mlangoni, akarudi mikono mitupu.